Wimbo Usioombwa na Mtu

Jumatatu alfajiri Jaldesa alitoka nyumbani, redio yake ndogo begani. Hakurudi. Kufikia Jumatano majirani walikuwa wameshamwozesha kwa uvumi mwanamke wa Oldonyiro.

Alhamisi, saa kumi kasoro dakika tano, mkewe Gumato alipiga simu kituo cha redio cha mjini.

"Salaam aleikum. Niwekee ule wimbo wa mlangoni."

Mutuma, mtangazaji wa kipindi cha salamu, aliukumbuka kwa shida. Vijana wanne wa Isiolo waliurekodi zamani, kisha bendi ikavunjika. Mwimbaji anaapa kunusa mashati ya mpenzi wake, kuvunja simu yake, kulala mlangoni asitoke.

"Salamu zimwendee nani?"

"Jaldesa. Popote alipo."

Ijumaa akapiga tena. Jumamosi pia. Saa ile ile.

"Mama, huyu mtu si ametoroka?" Mutuma akacheka hewani. "Wimbo wenyewe unatisha. Hata mimi singerudi!"

"Cheka tu. Lakini usiongee gitaa likipigwa. Jana uliongea."

"Gitaa gani? Hilo linalia kama mbuzi amebanwa na mlango!"

"Hujausikiliza. Hata mimi nilikuwa sijausikiliza. Ngoja ubeti wa mwisho, mwimbaji sauti inamkatika. Anajua analinda nyumba tupu. Niwekee wote, ndugu yangu. Usiukate."

Jumapili wasikilizaji wakalalamika. Jumatatu mkubwa wa kituo akaupiga marufuku: mwanamke huyu na wivu wake wataleta kesi.

Jumanne Gumato alifika kituoni mwenyewe, viatu vimejaa vumbi, simu mkononi. Zilibaki dakika mbili kufika saa kumi.

"Mama, mwache huyo mwanamume," Mutuma akamwambia kwa upole. "Ukimwandama hivi, ndio hatarudi."

Simu ikaita. Gumato akaiweka kwenye spika.

"Shemeji," ilikuwa sauti ya Huqa, mdogo wake Jaldesa. "Jana tulisimama saa nzima, wimbo haukuja. Leo tuko kumi na wawili, tumetawanyika vichakani nyuma ya kijiji cha Rapsu. Wote wamenyamaza, wanategea redio yake. Waambie waanze."

Mutuma alimtazama Gumato.

"Amepotea? Na hukusema hewani?"

"Wezi wa mifugo pia wana redio. Yuko peke yake na ngamia arobaini."

"Lakini si ungeomba wimbo wowote? Kwa nini huu?"

"Redio yake huiweka chini sana, asimalize betri," Gumato akasema. "Ni huu tu, akiusikia, anafungulia sauti mpaka mwisho."

Mutuma akauweka. Hakumuuliza mkubwa wake.

Bado unachezwa, kila siku saa kumi. Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile, na kina Huqa bado wanasikiliza vichakani.