Koti la Teja

Kwenye igizo la klabu ya kupinga dawa za kulevya, Saumu ndiye teja kila muhula, maana hakuna mwanafunzi mwingine anayejua kusinzia amesimama, magoti yakikunjika polepole bila kuanguka. Leo pia shule nzima ilicheka mpaka machozi.

"Kipaji hiki umekitoa wapi?" mwalimu aliuliza.

"Nabuni tu, mwalimu."

Alirudi nyumbani amechoka, koti la igizo mkononi. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kinaning'inia. Saumu akamrudishia koti lake, akamvika na kumfunga vifungo.

"Walicheka?" kaka aliuliza bila kufumbua macho.

"Sana, kaka."

Kaka akatabasamu. Saumu hakuiachia kola, maana magoti ya kaka yake yalikuwa yameshuka kuliko alivyowahi kuigiza.