Kumi na Nne Imerudi

Mguu wa ile nne ulikuwa umenyooka kama rula, na hapo ndipo Mzee Rangi alipojua kwamba mwanawe amekufa.

Yeye nne zake alizipinda mguu kidogo kwa mbele. Miaka ishirini na mbili aliandika namba kwenye mikia ya ndege za doria, na mafundi wenzake walizoea kumtania kwamba nne zake zinachechemea kama mwenyewe. Kisha moyo ukamsumbua, akalazwa wiki tatu. Siku aliyorudi kazini alikatiza uwanjani na kopo lake la rangi nyeupe, akaiona namba kumi na nne, ndege ya mwanawe, imeegeshwa inang'aa. Namba ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine.

Katika kambi ile, ndege ikipotelea baharini, haikuachiwa pengo. Ililetwa mpya ikapewa namba ileile, ili adui anayehesabu kwa darubini aone idadi imetimia. Mafundi wa rangi walikuwa wamekula kiapo cha kufunga midomo. Mzee mwenyewe alishairudia tisa, akairudia ishirini na moja, na sita akairudia mara mbili. Kila ndege ilikuwa na watu saba. Aliandika huku machozi yanamlengalenga, kisha akaenda kunawa mikono.

"Hii nani kaiandika?" alimwuliza fundi mwenzake siku ile.

Mwenzake akainama kutafuta brashi, na brashi anayo mkononi.

"Mimi. Ilikuwa imechubuka kidogo, mzee."

"Haya."

Mzee akalimeza jibu hilo, akaendelea na kazi. Kilichomnyima raha zaidi alikuwa mkamwana wake.

Tangu vita vikolee, marubani na wenzao hawakuruhusiwa kutoka kambini, wala mafundi hawakuruhusiwa kusogelea mabweni yao. Kwa hiyo jamaa zao walikuja jioni kwenye uzio wa waya, nyuma ya karakana ya rangi, kuhesabu namba zinazotua. Mkamwana hakukosa hata siku moja. Ikifika saa kumi na moja na nusu alikuwa pale, amemshika mkono binti yake wa miaka mitano.

"Baba, kumi na nne imerudi."

"Nimeiona, mwanangu. Tumshukuru Mungu."

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

"Zote mbili?"

"Ah, na wewe! Hata nesi wa wodini hakunibana hivi."

Mkamwana alicheka kidogo, akaondoka na mtoto wake. Ikawa ndiyo hivyo kila jioni, miezi minne mizima. Mzee alishukuru jambo moja tu, kwamba mkamwana hakuwahi kumwuliza kama amemwona mumewe kwa macho yake. Alikuwa anasimama tu pale wayani akimtazama mzee usoni, wala hageuki kuangalia magurudumu yakigusa ardhi. Mzee aliona ni heshima, akazidi kuumia. Akirudi kwenye chumba chake cha kupanga aliketi kitandani na viatu miguuni, akamlilia mwanawe taratibu, maana jirani alitenganishwa naye kwa ubao tu.

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba vita vimekwisha. Karakana nzima ilipiga kelele, watu wakakumbatiana hadi wakapakana rangi. Kabla ya adhuhuri tangazo likabandikwa: kesho saa nne lango litafunguliwa, jamaa waje kuwapokea watu wao.

Mzee alilisoma mara tatu. Akamwona mkamwana kesho, amevaa gauni lake zuri, amesimama chini ya ngazi ya ndege kumi na nne, na wanashuka watu saba asiowajua hata mmoja. Hapana. Bora asikie leo, na asikie kutoka kwake. Hicho kiapo na kiende zake.

Mchana kutwa alikuwa anapanga maneno, anayapangua. Jioni akatoka hadi kwenye waya. Kumi na nne ilitua mbele ya macho yao.

"Baba, kumi na nne imerudi," mkamwana alisema.

"Mwanangu, kuna neno nataka kukwambia."

"Kwanza umekunywa dawa?"

"Achana na dawa leo. Neno hili nimelibeba mpaka limenishinda."

Mkamwana akashika waya kwa mikono miwili.

"Subiri, baba. Usiseme kitu. Kaa chini hapo kwanza, nikakuletee maji."

Akaenda mbio kwenye bomba la langoni. Mtoto akabaki. Mzee akaketi juu ya kopo lake la rangi, uso kwa uso na mjukuu wake.

"Mke wangu," alimtania, "mbona leo umeninunia?"

Mtoto aliangalia alikokwenda mama yake. Kisha akasogeza mdomo kwenye tundu la waya.

"Babu, ukiambiwa na wewe usife," alinong'ona. "Ulipokuwa hospitali baba alianguka baharini, yule fundi mwenzako akaja kumwambia mama. Daktari alisema ukisikia moyo wako utapasuka, ndiyo maana kila siku tunakuja kukwambia kumi na nne imerudi."