Kidole cha Mjukuu

Watu wazima wote walishaandikishwa, kila mmoja akiuza sabuni chini ya mwenzake katika Mtandao. Asiyeleta mtu mpya chini yake alifutwa, na wa kuandikisha walibaki watoto wachanga tu.

Kabla Tabu hajamaliza kumnyonyesha mwanawe mara ya kwanza, mama yake aliingia wodini mbio, mkono huu chupa ya uji wa pilipili manga, mkono huu simu. Hakusema hongera. Alikamata kidole gumba cha mjukuu, akakibana kwenye kioo mpaka simu ikalia.

"Alhamdulillahi! Kesho nilikuwa nafutwa."

"Mama, hata sura yake hujaitazama."

Bibi akaona haya. Akafunua kanga, akamtazama mtoto kwa huruma.

"Maskini mjukuu wangu, hana hata mtu mmoja chini yake," alisema, kisha akalitazama tumbo la Tabu, ambalo hata kunywea lilikuwa bado.