Kipande cha Kwanza cha Keki

Bibi Nungunungu alipotimiza miaka sabini, kila mgeni alijua kuwa kipande cha kwanza cha keki angelishwa yule ampendaye kuliko wote. Kicheche alimsifu mpaka mate yakamkauka. Pimbi, rafiki yake tangu usichana, alinyamaza tu.

"Namlisha Kicheche," alisema Nungunungu. "Wewe Pimbi hata kunikumbatia hujawahi."

"Basi kumbatianeni kwanza," akajibu Pimbi.

Kicheche akaitazama ile miiba, akarudi nyuma.

Pimbi akanyoosha mikono yake. Ilikuwa imejaa makovu.

"Ulipofiwa na mumeo nilikukumbatia. Ulipomzika mwanao, pia. Ulikuwa unalia, mwenzangu, hukujua ni nani."

Nungunungu akailaza miiba yake yote, akamsogelea. Keki wakaisahau mezani. Aliyeila ni Kicheche.