Beseni Katikati ya Saluni

Huissier wa tribunali, afisa wa kutekeleza amri za mahakama, alikuwa ameshasoma karatasi yake: kwa kukosa kulipa kodi ya nyumba, Fidélie atoke, saluni yake ifungwe, vitu vyake vishikwe. Mkononi alikuwa na kufuli mpya. Nyuma yake, kwenye vumbi jekundu la mtaa wa Kasulo, mwenye nyumba alisimama amekunja mikono.

Fidélie hakulia, wala hakuomba aongezewe wiki. Alijaza maji kwenye beseni la kuoshea nywele, akaliweka chini, katikati ya sakafu, kisha akamgeukia huissier.

“Utafunga, tata. Ila ingia kwanza uandike bitu byangu. Anzia na iyi beseni.”

Huissier akaingia, akainama. Maji yalikuwa yanatetemeka. Yakatulia, kisha yakatetemeka tena, na chini ya sakafu ikasikika sululu ikigonga jiwe.

“Njo maana nilikatala kulipa,” Fidélie akasema. “Banachimba madini chini ya miguu ya bamama benye kuja kusuka, na shimo inaanzia mu lupango, mu kiwanja ya uyu mwenye nyumba.”

“Ule mama ni muongo,” mwenye nyumba akasema kutoka nje. “Funga tu.”

“Kama niko muongo, ingia, papa. Nyumba ni yako. Simama apa, pembeni ya beseni.”

Mwenye nyumba aliyatazama maji, akakitazama kizingiti. Viatu vyake vya ngozi, vilivyong’arishwa asubuhi hiyo, havikusogea.

Huissier alitia kufuli mfukoni, akatoa kalamu.

“Ingia, papa,” naye akamwambia.

Mwenye nyumba akarudi nyuma hatua moja.