Visiki vya Kesho

Kabla ya kuwasha msumeno wa petroli, Grace aliifungua bembea. Lilikuwa tairi la pikipiki lililoning'inizwa kwenye tawi la mkorosho wa kwanza kwa kamba ya katani, na kamba yenyewe bado ilikuwa nyeupe.

"Mzee, hii niiweke wapi?"

"Ya watoto wa jirani hiyo, wananivunjia matawi tu," alisema Mzee Anthony. "Mpelekee mwanao."

Grace alicheka, akaibeba mpaka kwenye basi dogo lao lililoegeshwa barabarani, akaisukuma chini ya kiti chake.

Ilikuwa safari ya vituko tangu asubuhi. Walitoka Masasi, maafisa ugani wapya na mkufunzi wao, Mwalimu Nikolao, kwenda Kitangari kujifunza namna ya kuondoa mikorosho iliyozeeka ili kupisha miche mipya. Walipofika Chiungutwa, basi lilizama kwenye tope. Walishuka wakasukuma, na lilipochomoka ghafla, mmoja wao, Lukmani, akalala kifudifudi.

"Mwacheni!" mwenzake Joel alipiga kelele. "Keshajipanda huyo, tusubiri achipue!"

Newala walisimama kwenye genge la Shimo la Mungu, kwa dakika tano tu, alisema Mwalimu. Lakini ukungu ulikuwa umefunika bonde zima, na hakuna aliyekubali kuondoka bila picha. Ulipofunguka, Ruvuma ikaonekana kule chini, na Msumbiji ng'ambo yake, ikabidi kila mtu apigwe picha peke yake, halafu wawili wawili, halafu wote.

Kwa hiyo Kitangari walifika mchana. Afisa kilimo wa kata, aliyepaswa kuwaonyesha shamba, alikuwa amewasubiri akachoka, akaenda kwenye mazishi Chilangala. Mwalimu Nikolao alishika kichwa.

"Msihangaike, wanangu," alisema Mzee Anthony, aliyekubali shamba lake litumike kwa mafunzo. Alikuwa amekaa barazani, shati limepigwa pasi. "Shamba langu atalionyesha nani zaidi yangu?"

Uani, mwanamke mmoja alikuwa akipepeta mchele. Aliuweka ungo chini, akamsogelea Grace.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mama Julia. Huyu mzee ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Mkimaliza kwake, mnipitie na mimi. Mnipogolee mikorosho yangu, na mnionyeshe dawa ya salfa inavyopulizwa. Msimu uliopita ugonjwa wa ubwiriunga umenilia maua vibaya." Akashusha sauti. "Ardhi ni ya ukoo wao. Miti alipanda mume wangu. Maadamu imesimama, hakuna wa kunitoa hapa, mimi na Julia. Ikifa, ardhi inarudi kwao, nami narudi kwetu mikono mitupu."

"Haitakufa, mama," Grace alimwambia. "Kesho naja mwenyewe. Nakuahidi."

"Mama Julia," Mzee Anthony aliita kwa upole, "wageni watakuwa na njaa. Leo usitoke jikoni."

Aliwapitisha kwenye njia ya bondeni. Walipita mikorosho iliyopinda, mashina yamejaa matundu, na Grace akapunguza mwendo, lakini mzee aliendelea mbele, fimbo mkononi, akiwasimulia jinsi wajomba zake walivyofyeka pori hilo. Ng'ambo ya bonde alisimama chini ya kivuli kipana, kilichofagiliwa vizuri.

Sasa, baada ya kuiacha bembea kwenye basi, Grace alirudi na msumeno, akagusa gome. "Mzee, huu mbona kama bado una nguvu?"

"Majani hayo, mwanangu. Korosho unaziona?"

Ilikuwa Februari, msimu umekwisha, hakuna mkorosho wenye korosho. Wote waliangua kicheko. Mwalimu Nikolao naye alicheka, huku akitazama saa.

"Mwenyewe kasema, Grace. Tumechelewa. Washa."

Mti ulitetemeka, ukaegama, ukaanguka kwa kishindo. Darasa zima likapiga makofi. Walipokezana mashine, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeangusha mti alipigwa picha mguu juu ya shina. Mzee Anthony aliwafuata nyuma, akiuliza maswali kama mwanafunzi mzuri.

"Na kisiki kikiachwa hivi?"

"Kitachipua, mzee," alisema Mwalimu Nikolao. "Baada ya miezi michache una mti tena."

"Ahaa. Basi tuving'oe."

"Leo jua linazama. Kesho asubuhi."

"Kesho," mzee alikubali. "Visibaki."

Waliporudi, Mama Julia alikuwa ameshatandika mkeka. Aliwamiminia maji ya kunawa, akaleta wali na kuku. Lukmani, tope limemkaukia mpaka masikioni, alisifu mchuzi kabla hajauonja, na mama yule akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nimesikia mashine yenu tangu mchana," alisema. "Nikasema, leo shemeji kapona, ile mikongwe yake imekuwa mzigo." Alimpa Grace paja la kuku. "Wewe ndiye uliyeniahidi. Kesho usipotee njia. Pita bondeni, iache mikongwe ya shemeji, panda ng'ambo. Mkorosho wangu wa kwanza utauona tu, una bembea ya Julia, tairi la pikipiki. Kamba nimeibadilisha juzi. Jumamosi anarudi kutoka shule."

Grace alibaki na paja mkononi. Aligeuka kutazama upande wa basi, bembea ilikokuwa chini ya kiti chake.

"Waongezee wageni mchuzi, Mama Julia," alisema Mzee Anthony. "Kesho wana visiki vya kung'oa."