Ibada Ziwani

Mchungaji mpya wa Methodisti alikatisha mahubiri. Kupitia dirisha aliona mtumbwi uliombeba mama mwenye uchungu wa kujifungua umenasa kwenye magugu maji, karibu na ufukwe.

"Ibada itaendelea ziwani," alisema.

Wazee wa kanisa walitazamana. Hakuna aliyeinuka.

Paskazia, mwenyekiti wa akina mama, alivua viatu vyake vyeupe, akajifunga kanga juu ya sare.

"Mchungaji wetu ameshasema, wazee wangu," aliwaambia kwa upole. "Sisi tunatangulia."

Maji yalimfika kiunoni. Aling'oa magugu kwa mikono miwili, mizizi myeusi ikimchuruzikia matope kifuani. Nyuma yake alisikia miguu mingi ikiingia majini, na sauti nzito ya mzee ikianzisha wimbo.

Hakugeuka. Alinyoosha mkono, akaushika mtumbwi.